Usikiachie Kifaa Kichague: Kupanga Njia ya Pikipiki Kuzunguka Uluguru

Mstari wa bluu unaouona kwenye kompyuta unapopanga safari ya kutoka Mazimbu, mjini Morogoro, kwenda Mgeta umechorwa na programu moja juu ya ramani moja. Kesho yake asubuhi, ukiwasha pikipiki, safari hiyohiyo itasomwa na kifaa kingine, chenye ramani nyingine na kanuni zake za kuchagua barabara. Mahali ambapo ramani zote zimejaa na zinafanana, kama ilivyo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, tofauti hiyo haimuumizi mtu, kwa kuwa kila programu itatoa jibu lilelile. Ukiacha lami na kuanza kupanda milima ya Uluguru, kila ramani ina kipande inachokijua, na kinachojulikana na hii hakijulikani na ile. Ndiyo sababu mwongozo huu unashikilia jambo moja: anayepanga njia mtandaoni apange kwa namna ambayo kifaa cha kwenye pikipiki hakitabaki na cha kuamua. Kupata mstari mzuri kwenye kompyuta ni kazi ya dakika mbili. Kuhakikisha kwamba mstari huohuo ndio utakaokuongoza ukifika njia panda ya Sangasanga ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayoachwa na wengi.

Tuanze na kifaa. Pikipiki nyingi za Morogoro, Boxer na TVS na jamaa zake, hazitoki kiwandani na GPS. Kinachofanya kazi hiyo ni simu iliyofungwa kwenye usukani. Pikipiki kubwa za safari, kama BMW za aina ya GS au Honda Gold Wing, huja na skrini ya ramani au mahali pa kupachika kifaa maalumu, na baadhi ya skrini hizo hazina ramani ndani yake kabisa, huonyesha tu mshale unaotumwa na programu iliyo kwenye simu. Kwa hiyo kabla ya kufungua kivinjari, jua ramani inakaa wapi. Wengi huchanganya GPS na intaneti. Kipokezi cha GPS husikiliza setelaiti, na kikizipata angalau nne hujua kilipo bila bando wala laini ya simu. Kinachohitaji bando ni kupakua ramani, na kazi hiyo imalizike nyumbani. Pikipiki iliyonunuliwa Ulaya au Ghuba aghalabu imewekewa ramani za huko; setelaiti zitaiambia ilipo hata ikiwa Matombo, ila skrini itaonyesha mshale juu ya eneo tupu. Kwa vifaa vya Garmin ipo ramani ya Tracks4Africa kutoka Afrika Kusini, iliyojengwa kwa kumbukumbu za GPS za wasafiri waliopita kweli kwenye barabara hizo, na zipo ramani za bure zinazotokana na OpenStreetMap. Kwa simu, OsmAnd na Organic Maps zote hukuruhusu kupakua ramani mapema na kuzitumia bila mtandao. Ukishaijua ramani ya kifaa chako, pangia juu ya ramani ya ukoo huohuo. Mwenye OsmAnd kwenye usukani apange kwa programu inayotumia OpenStreetMap, asipange kwa Google halafu ashangae barabara aliyoichagua haipo.

Programu karibu zote za kupangia, iwe Kurviger, MyRoute-app, BRouter au BaseCamp ya Garmin, huishia kukupa faili la GPX. Muundo huu ulianza mwaka 2002, na toleo la 1.1 linalotumika hadi leo lilitoka 2004. Ndani yake huweza kukaa vitu vya aina tatu: pointi, yaani mahali pamoja penye jina, ruti, yaani orodha fupi ya mahali pa kupitia kwa mpangilio, na treki, yaani mlolongo wa mamia au maelfu ya nukta zilizokaribiana kiasi cha kufuata kila kona. Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Ruti yenye pointi tatu, Mazimbu, Mlali na Nyandira, haisemi barabara gani ipitwe kati ya pointi hizo. Kifaa kikiipokea hukokotoa upya kwa ramani yake na kwa mipangilio yake: ukiwa umekiagiza kikwepe barabara za vumbi, kitazikwepa hata kwa kukurudisha mjini, ukiwa umekiagiza kitafute njia fupi, kitaichukua iliyo fupi hata kama ni ya kupita mbuzi. Treki haikokotolewi. Huchorwa kama ilivyo, hata juu ya ramani isiyo na barabara, na kifaa hakiwi na ruhusa ya kuirekebisha. Vifaa vingine hukuuliza kama vigeuze treki kuwa ruti. Usikubali mpaka uwe umeona kwenye skrini kwamba mstari uliotoka umebaki palepale.

Uluguru ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini tofauti hiyo ina uzito. Mlima huu umesimama kama ukuta kusini mwa mji wa Morogoro, kilele cha Lupanga kikifika mita 2,138 na Kimhandu, upande wa kusini, kikizidi mita 2,600. Sehemu kubwa ya mgongo wake ni msitu uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Barabara za magari huuzunguka: moja hupita magharibi kwenda Mgeta, nyingine mashariki kwenda Matombo na Kisaki. Baina ya pande hizo mbili Waluguru wamekuwa wakivuka kwa miguu tangu zamani, na njia zao zimo kwenye ramani, baadhi zikiwa zimechorwa na wachoraji walioziona kwenye picha ya setelaiti wakakisia kuwa ni barabara. Sasa fikiria kifaa kilichoambiwa kikupeleke kutoka Mgeta hadi Matombo. Kikipima kwa kunyoosha, vijiji hivyo haviko mbali. Kwa barabara inabidi urudi hadi mjini, uvuke hadi Bigwa, kisha ushuke tena kusini upande wa pili wa mlima. Programu iliyokuta njia ya miguu imeandikwa kama barabara ya shamba itafurahia kukuokolea safari yote hiyo, na itakutuma msituni, mahali ambapo huna kibali cha kuendesha na ambapo pikipiki ya kilo 200 haigeuziki. Programu haijakosea hesabu. Imekosa taarifa, na haikuwa na njia ya kukuambia kwamba imekosa.

Dawa yake ni kuweka pointi pale penye shaka, siyo pale penye jina. Watu wengi huweka pointi kwenye vijiji kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kwenye ramani, kumbe kijijini hakuna cha kuchagua. Chaguo liko kwenye njia panda. Chukua safari ya magharibi: kutoka Mazimbu unashika barabara kuu ya Iringa, unaiacha Sangasanga, kisha Mlali, Langali na kupanda hadi Nyandira, kwenye bustani za kabichi na njegere zinazolisha masoko ya Dar es Salaam. Pointi ya kwanza ya maana hapo isiwekwe Sangasanga penyewe, iwekwe mita mia mbili hivi baada ya kukata kona, juu ya barabara ya kwenda Mlali. Ukiiweka katikati ya makutano, kifaa kinaweza kukupitisha hapo na kuendelea na barabara kuu hadi kipate pa kukurudisha. Ukiiweka ndani kidogo ya barabara unayoitaka, kona ile inakuwa lazima. Fanya hivyo kila panapogawanyika: pointi moja baada ya kila njia panda, juu ya mstari wa barabara na siyo kando yake. Kuza ramani hadi mwisho uhakikishe. Pointi iliyoanguka mita 30 nje ya barabara, kwenye uwanja wa shule au ng'ambo ya korongo, itakifanya kifaa kitafute njia ya kuifikia, na kitaipata tu, hata kama ni ya ajabu.

Kuna jambo dogo la kuzingatia hapo. Vifaa vingi vya pikipiki hutofautisha kituo na pointi ya kuelekeza. Kituo hutangazwa, na ukikikosa kifaa kitasisitiza urudi. Pointi ya kuelekeza huuvuta mstari tu, na ukiipita kando hukusamehe. Weka vituo vichache: mahali pa kujaza mafuta, pa kulala, mwisho wa safari. Nyingine zote ziwe za kuelekeza. Mwenye kuweka vituo ishirini atasikia kifaa kikimwambia ageuze kila alipokwepa dimbwi.

Upande wa mashariki una masharti mengine. Kutoka Bigwa barabara hupita Kiroka, Mkuyuni na Matombo hadi Mvuha, kisha huendelea kusini hadi Kisaki, penye stesheni ya TAZARA. Mteremko huu unaupokea upepo wa Bahari ya Hindi, na mvua yake ni kubwa kuliko ya upande wa Mgeta. Ndimo inamotoka sehemu kubwa ya maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam. Kwa mpanga njia hilo lina maana mbili. Kwanza, picha ya setelaiti unayoitumia kukagua barabara huenda imefunikwa na wingu, au imepigwa kiangazi wakati vijito vimekauka na vivuko vinaonekana kama barabara kavu. Pili, maelezo ya barabara kwenye ramani huchelewa. Kipande cha Bigwa hadi Mvuha, chenye urefu wa km 78, kimekuwa katika mpango wa kuwekwa lami, na barabara inapojengwa hubadilika kila msimu: kuna pa kuchepuka, kuna kifusi, kuna lami mpya ambayo ramani bado inaiita vumbi. Usikiagize kifaa kikwepe vumbi upande huu, kitakataa barabara nzima. Na ukifika Kisaki, usikubali mstari unaoendelea mashariki hadi Mloka kwa kukatisha Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa na Selous mwaka 2019. Programu huona barabara za hifadhini kama barabara nyingine zozote. Haijui kwamba pikipiki ya msafiri haiingii humo.

Majina nayo yana mitego yake. Mlali iko Mvomero na iko Kongwa, mkoani Dodoma. Mkuyuni iko kwenye barabara ya Matombo na iko jijini Mwanza. Hata Mazimbu penyewe panahitaji uangalifu. Shule waliyoijenga wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini hapo mwaka 1978, kwenye ardhi waliyopewa na serikali ya Tanzania, na kuipa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979, ilikabidhiwa Tanzania mwaka 1992 na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mgeni anayekuja kuzuru makaburi yaliyopo hapo, akiandika tu jina la chuo kikuu, anaweza kuelekezwa kampasi kuu iliyo chini ya mlima, upande mwingine wa mji. Usiliamini jina, bonyeza mahali penyewe kwenye ramani na uhifadhi namba zake. Na namba zenyewe zina adabu yake. Mji wa Morogoro uko karibu na -6.82 na 37.66. Alama ile ya kutoa ndiyo inayosema uko kusini mwa ikweta. Ukiisahau, kifaa kitakuandalia safari ya kwenda jirani na Sodo, katika eneo la Wolaita nchini Ethiopia. Ukigeuza mpangilio, longitudo ikatangulia latitudo, utajikuta mkoa wa Huelva, kusini mwa Hispania. Kosa hili la pili hutokea sana kwa sababu faili za KML, zinazotoka kwenye programu za Google, huanza na longitudo, ilhali watu na programu nyingi huandika latitudo kwanza. Tumia kigeuzi cha faili, usinakili kwa mkono.

Muda unaotajwa na programu ni wa kushuku zaidi kuliko mstari wenyewe. Programu huipa kila aina ya barabara mwendo wa wastani, kisha hugawanya umbali. Barabara ya mkoa inapewa mwendo wa barabara ya mkoa, iwe tambarare ya Kilosa au kona za kupandia Nyandira. Ukiona imekadiria saa moja na nusu kwa kipande cha mlimani, panga saa tatu, na wakati wa masika usipange kabisa mpaka uwe umepata habari ya siku hiyohiyo. Angalia pia mchoro wa mwinuko ambao programu nyingi huutoa. Aghalabu takwimu zake zinatokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa kutoka chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, nukta moja kwa kila mita 30 hivi. Vinatosha kukuonyesha kwamba utapanda mita elfu moja kutoka bondeni. Haviwezi kukuonyesha kona moja fupi yenye mwinuko wa kuangusha mtu, wala mfereji uliochimbwa na mvua ya mwaka jana. Kisha hesabu nyuma kutoka machweo. Morogoro jua huzama mwaka mzima kati ya saa 12 na dakika 20 jioni na muda mfupi kabla ya saa 1 usiku, na giza huingia upesi. Safari ikikufikisha saa 11 kwa hesabu ya programu, itakufikisha usiku kwa hesabu ya mlima. Mafuta yapangwe kwa njia hiyohiyo: jaza tangi mjini, na usiifanye petroli ya chupa ya kando ya barabara kuwa sehemu ya mpango wako.

Kuna atakayesema taabu yote hii ya nini, ilhali simu yenye mtandao humwelekeza mtu papo hapo na kumwonya kuhusu foleni. Hoja hiyo ina nguvu mjini. Mwaka 2018 Google iliwaletea Wakenya hali ya pikipiki kwenye ramani zake, na kwa mwendeshaji wa Nairobi hilo ni jambo la thamani. Lakini maonyo hayo hutokana na mwendo wa simu za watu walioko barabarani. Palipo na simu nyingi, programu huona. Kwenye barabara inayopitwa na malori machache ya nyanya kwa siku, haioni kitu, na kutoona kwake huonekana kwenye skrini kama barabara iliyo wazi. Tena ukiiacha simu ikokotoe njia mbele ya safari, ikapoteza mtandao nyuma ya bega la mlima, haitaweza kukokotoa nyingine utakapopotea. Yaliyotokea kwenye barabara kuu ya Dodoma yanatosha kuwa onyo. Januari 2014 mafuriko yalikata barabara hiyo kwenye daraja la Dumila, na Machi 2020 maji yaliikata tena Kiyegeya, wilayani Gairo, malori na mabasi yakakwama pande zote mbili. Hiyo ni barabara kuu ya taifa yenye madaraja ya zege. Faili la GPX lililotengenezwa siku moja kabla lingekuongoza moja kwa moja hadi ukingoni. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mpango wa mtandaoni unajua yatakayotokea. Nasema kwamba mpango ulioandaliwa vizuri huwa na njia ya pili tayari kwenye kifaa, faili lake lenyewe, jina lake lenyewe, ili mwenye pikipiki aliyekwama asiiachie programu kazi ya kubuni.

Mwingine, na huyu ana haki zaidi, atasema kwamba dereva wa bodaboda wa Mlali hahitaji GPS yoyote: anauliza, na anafika. Kweli kabisa, na kuuliza si ujinga. Ninachopinga ni kuuliza kukiwa kumechelewa, ukiwa umesimama kwenye tope saa 11 jioni. Kuuliza kuingie kwenye mpango. Ukimaliza kuchora, nenda kijiwe cha bodaboda au stendi yanakopakilia magari ya Mgeta na Matombo, ukiwa na orodha ya mahali mahususi panapokutia shaka. Usiulize kama barabara inapitika. Utajibiwa inapitika, na jibu litakuwa la kweli kwa kijana mwenye Boxer nyepesi anayeijua kila tundu. Uliza gari gani limepita jana, limechukua muda gani, mto gani umejaa, daraja lipi ni la mbao, wapi abiria hushuka watembee. Uliza pia barabara iko chini ya nani. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS, iliyoanza mwaka 2000. Za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA tangu 2017. Katika kuchagua kati ya mistari miwili inayolingana kwenye skrini, ya mkoa ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa imepitiwa na greda. Kila jibu utakalopata ligeuze kuwa pointi: andika kwenye jina lake "kivuko, usipite baada ya mvua" au "daraja la mbao, shuka". Hapo maarifa ya kijiwe yatakuwa ndani ya kifaa, na yatakusemesha mahali penyewe.

Pingamizi la tatu ni la kiufundi. Nimesifu treki, lakini treki ni bubu kwenye vifaa vingi: haisemi kata kushoto, haihesabu dakika zilizobaki, na kuifuata kwa macho kunamtoa mwendeshaji barabarani. Hili ni la kweli, na kwa kasi ya barabara kuu ni hatari. Jibu ni kupakia vyote viwili kwa kila safari. Ruti yenye pointi zake za kuelekeza iwe ndiyo inayosema, na treki ya safari hiyohiyo ichorwe chini yake kwa rangi nyingine, tuseme nyekundu. Mradi sauti na mstari vinakubaliana, endesha bila kutazama skrini. Sauti ikisema kulia ilhali mstari mwekundu unanyooka, simama kando, uangalie. Tofauti hiyo yenyewe ndiyo habari uliyokuwa ukiitafuta: imekuonyesha mahali hasa ambapo ramani ya pikipiki inapingana na ile uliyopangia. Kwenye lami fuata sauti. Ukishaacha lami fuata mstari, na uizime kabisa ile hali ya kukokotoa upya yenyewe, au uiweke iulize kwanza.

Kuhamisha faili hakuna ugumu. Kwa vifaa vingi ni waya wa USB au memori kadi, na faili huwekwa kwenye folda ya GPX. Kwa skrini zinazoongozwa na simu, faili hufunguliwa ndani ya programu ya pikipiki. Lipe jina fupi linaloanza na tarehe. Kisha fanya jaribio ambalo halikugharimu hata lita moja: washa kifaa ukiwa bado Mazimbu, fungua ruti, soma jumla ya kilomita. Ilinganishe na jumla uliyoiona kwenye kompyuta. Tofauti ya kilomita moja au mbili si kitu. Ikizidi hapo, kifaa kimechagua barabara nyingine mahali fulani, nawe una usiku mzima wa kutafuta ni wapi, uongeze pointi moja, na kupakia tena. Vifaa vingi vina pia hali ya kuigiza safari. Itumie kwa njia panda zile ngumu tu. Ukielekea Iringa badala ya mlimani, mambo ni mepesi zaidi, ila kumbuka barabara kuu hukatisha Hifadhi ya Mikumi kwa takribani km 50. Weka kituo kabla ya kuingia, na upange kuvuka mchana.

Njiani acha kifaa kirekodi treki yako mwenyewe. Hiyo ndiyo ramani ya kweli zaidi utakayowahi kuwa nayo, kwa sababu pikipiki yako imepita hapo kwa uzito wake na msimu wake. Usiiache ife ndani ya kifaa. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, humruhusu mtu yeyote kuhariri, na Tanzania imekwisha kuonyesha kinachowezekana: mradi wa Ramani Huria, kuanzia 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika, ikatoka kuwa maeneo yasiyo na barabara kwenye ramani hadi kuwa na mifereji na vichochoro. Mlima haujapata bahati kama hiyo. Ukirudi, linganisha treki yako na ramani kwenye kompyuta. Barabara iliyoandikwa kuwa ya magari nawe ukakuta ni ya miguu, ibadilishe. Mto ulioandikwa daraja nawe ukavuka majini, andika kivuko. Onyesha palipo changarawe na palipo udongo mtupu. Usinakili chochote kutoka ramani za Google, maana zina hakimiliki. Andika ulichokiona tu. Na kabla ya kupandisha treki yenyewe hadharani, kata nusu kilomita ya mwanzo na ya mwisho, isije ikamwonyesha kila mtu geti la nyumba inakolala pikipiki yako.